SOMO LA AFYA: USINGIZI WA MWANAMKE NI JUKUMU LA NYUMBA NZIMA

Katika nyumba nyingi za kaunti yetu, anayelala wa mwisho ndiye anayeamka wa kwanza, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Akisema amechoka, huambiwa avumilie. Akisema halali, huambiwa apunguze mawazo. Kumbe kukosa usingizi huweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, presha ya mimba au huzuni kubwa baada ya kujifungua, magonjwa ambayo yana matibabu yakitambuliwa mapema.

Somo hili linawahusu wanawake wa umri wa kuzaa, yaani kuanzia miaka 15 hadi 49. Linawahusu pia waume, mavyaa, watoto wakubwa na waajiri, kwa sababu usingizi wa mwanamke hutegemea jinsi wale wanaomzunguka walivyopanga kazi. Wakaazi wanaombwa walisome katika vyama, vikundi vya akina mama na mabaraza ya kijiji, kisha wafanye zoezi lililo mwishoni.

Usingizi hufanya kazi gani?

Mtu anapolala, mwili haujazimika. Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja ukichukua kama dakika 90. Katika usingizi mzito, mwili hujijenga upya na kinga dhidi ya magonjwa huimarika. Katika usingizi wa ndoto, ubongo hupanga kumbukumbu na kutuliza hisia. Anayeamshwa kila baada ya saa moja hapati mizunguko hiyo kikamilifu, hata kama amekaa kitandani saa nane.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku. Msichana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Anayekosa usingizi kwa muda mrefu hujiweka katika hatari zaidi ya kupata shinikizo la damu, kisukari, unene wa kupita kiasi na msongo wa mawazo. Hatari nyingine ni ya papo hapo: kuungua jikoni, kujikata kwa kisu, au kusinzia huku mtoto mchanga akiwa mikononi.

Kwa nini wanawake hukosa usingizi zaidi?

Tatizo la kukosa usingizi huwapata wanawake wengi zaidi kuliko wanaume. Sababu ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni mwili wenyewe. Homoni zinazoongoza hedhi na ujauzito zinahusika pia na usingizi. Siku chache kabla ya hedhi, homoni inayoleta utulivu hushuka, na wengine hulala vibaya. Maumivu ya tumbo na wasiwasi wa kuchafua shuka huongeza tabu, hasa kwa msichana asiye na sodo za kutosha. Msichana anayeumwa kila mwezi hadi akashindwa kulala au kwenda shule apelekwe zahanati. Asiambiwe kwamba ndivyo wanawake walivyo.

Ya pili ni kazi. Takwimu za kitaifa za mwaka 2021 kuhusu matumizi ya muda zilionyesha kuwa wanawake wa Kenya hutumia muda mwingi zaidi kuliko wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Maji, kuni, chakula, vyombo, watoto na wagonjwa, vyote vinakula saa. Mwezi wa Ramadhani saa hizo huongezeka, kwani mpika futari ndiye mara nyingi mpika daku.

Ya tatu ni mazingira: joto chini ya mabati, mbu, kelele, chumba kimoja kinacholaliwa na watu sita, na hofu. Mwanamke anayeishi na mtu anayempiga au kumtisha hawezi kulala kwa amani, na ushauri wa kuzima simu mapema hautamsaidia. Anayepitia hali hiyo, au jirani anayejua, anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari ya taifa 1195, usiku au mchana.

Usingizi wakati wa ujauzito

Miezi mitatu ya kwanza mjamzito husinzia sana mchana, na usiku huamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Asipunguze maji ya siku nzima kwa sababu hiyo, hasa katika joto letu. Anywe zaidi asubuhi na mchana, apunguze saa mbili hivi kabla ya kulala.

Miezi ya mwisho huja kiungulia, kukazwa na misuli ya miguu na maumivu ya mgongo. Kwa kiungulia, ale chakula kidogo kidogo, amalize cha jioni saa mbili au tatu kabla ya kulala, na ainue kichwa na mabega kwa mito. Kwa misuli inayokaza, anyooshe mguu na kuvuta vidole kuelekea kwake.

Jambo moja ni muhimu kuliko yote haya. Kuanzia wiki ya 28, sawa na mwezi wa saba, mjamzito alale kwa ubavu. Akilala chali, uzito wa tumbo hukandamiza mishipa mikubwa ya damu, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Uchambuzi wa tafiti za nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wajawazito waliolala chali katika miezi hiyo walikuwa na hatari zaidi ya maradufu ya kumpoteza mtoto tumboni, ikilinganishwa na waliolala kwa ubavu wa kushoto. Ubavu wa kulia haukuonyesha hatari hiyo. Kwa kila mama mmoja hatari hii bado ni ndogo, lakini kuipunguza hakugharimu hata senti. Achague ubavu anaoupenda, aweke mto au leso iliyokunjwa nyuma ya mgongo na nyingine katikati ya magoti. Akizinduka usiku na kujikuta amelala chali, asishtuke. Ageuke tu na kuendelea kulala. Utaratibu huu aufuate na anapolala mchana.

Wapo wajawazito ambao jioni wakijilaza huhisi miguu ikiwasha kwa ndani kama inayotembelewa na sisimizi, na hawapati nafuu mpaka waisogeze au waamke watembee. Hali hii huhusishwa na upungufu wa madini ya chuma mwilini, kwa hivyo aitaje kliniki ili damu yake ipimwe. Vidonge vya kuongeza damu hutolewa bila malipo katika kliniki za wajawazito za umma. Avimeze kila siku, ikiwezekana pamoja na chungwa au embe. Asivimeze na chai, kwa sababu chai huzuia madini hayo kuingia mwilini. Samaki, nyama, kunde na mchicha pia husaidia.

Neti yenye dawa ni sehemu ya usingizi wa mjamzito wa Pwani. Malaria humletea upungufu wa damu na huweza kumfanya ajifungue mtoto mwenye uzito mdogo. Neti hupewa wajawazito kliniki, na matumizi yake ni kila usiku, hata msimu ambao mbu ni wachache. Wanaolala uani wakati wa joto waitundike huko.

Kukoroma nako kutazamwe. Mjamzito aliyeanza kukoroma kwa nguvu, anayekatikiwa na pumzi usingizini au anayeamka na kichwa kizito apimwe presha. Akiumwa sana na kichwa, akiona ukungu machoni, akivimba uso na mikono, akitokwa na damu, akiwa na homa, au akihisi mtoto amepunguza kucheza, apelekwe hospitali usiku huo huo. Asiambiwe alale kwanza hadi asubuhi.

Baada ya kujifungua

Wazee wetu walijua thamani ya mapumziko haya. Ndiyo maana ya arobaini: mama alikandwa kwa maji moto, akapikiwa uji na supu, na wanawake wengine wakashika kazi za nyumba. Leo wengi wanaishi katika vyumba vya kupanga mbali na jamaa, na siku ya tano mama anafua mwenyewe. Familia isiyoweza kutimiza siku arobaini itafute angalau njia ya kumpa mama saa chache zisizokatizwa.

Mtoto mchanga hulala kati ya saa 14 na 17 kwa siku, lakini kwa vipande, na hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu. Kumpa maziwa ya kopo au uji ili alale si suluhisho, kwani mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Kinachowezekana ni kugawana kazi zilizobaki. Mama akimaliza kunyonyesha, mtu mwingine ampokee mtoto, amcheueshe, ambadilishe nepi na kumbembeleza. Mtoto akilala mchana, mama naye alale, vyombo vingoje.

Mama aliyechoka sana asinyonyeshe usiku akiwa amekaa kwenye kochi. Usingizi ukimchukua hapo, mtoto anaweza kubanwa na kukosa pumzi. Mtoto alazwe chali, ndani ya neti, mahali pake penye godoro gumu, pasipo mito wala mablanketi mazito. Aliyekunywa pombe au dawa zinazoleta usingizi asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga.

Machozi na hasira za hapa na pale ni kawaida katika wiki mbili za kwanza. Zikizidi wiki mbili, au mama akishindwa kulala hata mtoto anapolala na kuna mtu wa kumshika, huenda ana huzuni kubwa ya baada ya kujifungua. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Si kukosa shukrani wala kukosa imani.

Mama ambaye ghafla halali kabisa na hahisi haja ya kulala, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anasema maneno yasiyoeleweka, au anazungumza juu ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali mara moja. Mwombeeni, lakini mkiwa njiani.

Mfano: saa za mama muuza mahamri

Tuchukue mfano wa mama mwenye mtoto wa miezi minane, anayeuza mahamri na mbaazi barabarani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Hulala saa tano na nusu usiku akishaosha vyombo na kufua, na huamka saa tisa kukuna nazi, kukanda unga na kuwasha moto. Hapo ana saa tatu na nusu, na katikati ananyonyesha. Anahitaji saa 7. Atazipata wapi bila kuacha biashara inayolipa karo?

Nazi ikunwe jioni na kijana wa shule, mvulana au msichana. Mbaazi zichemshwe mchana, zibaki kuungwa tu. Unga ukandwe saa mbili usiku kwa hamira iliyopunguzwa kidogo, uumuke wakati mama amelala. Vyombo vioshwe na watoto wakubwa kwa zamu. Baba aandae sare na mikoba usiku, na asubuhi awaamshe watoto na kuwanywesha chai. Kufua kuhamishiwe mchana au Jumamosi.

Mama sasa anaweza kulala saa tatu na nusu usiku na kuamka saa kumi. Hizo ni saa sita na nusu. Akitoa nusu saa ya kunyonyesha, zinabaki sita. Akirudi kutoka barabarani, alale saa moja baada ya chakula cha mchana pamoja na mtoto. Zimetimia saba, na mahamri yako barabarani kwa wakati ule ule.

Kila nyumba ina hesabu yake. Muuguzi wa zamu ya usiku, mfanyakazi wa hoteli, mama wa shamba na mwanafunzi hawafanani. Njia ya kutafuta ni moja: andika kila kazi, uliza ni ipi lazima ifanywe na mama mwenyewe, na ni lazima ifanywe saa ile? Hapa kwetu, kazi ya usiku ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya kabisa ni kunyonyesha.

Kutayarisha mahali pa kulala

Fungua madirisha jioni, upepo ukianza kuvuma. Oga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Shuka na leso za pamba hupitisha hewa kuliko vitambaa vya nailoni. Jiko la makaa lisiwekwe kamwe katika chumba cha kulala, hata wakati wa mvua, kwa sababu moshi usioonekana unaua.

Kelele si jambo la kuvumilia tu. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kero za umma, na kanuni za taifa za mwaka 2009 zinaweka viwango vya chini zaidi usiku katika maeneo ya makaazi. Disko matanga, baa au spika za usiku kucha zikisumbua mtaa, wakaazi wapeleke malalamiko kwa msimamizi wa wadi, kwa afisa wa afya ya umma au kwa chifu.

Vitu vya kupunguza na kuepuka

Chai, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini. Baada ya saa tano au sita, nusu yake huwa ingali mwilini. Kwa mjamzito wa miezi ya mwisho, na kwa anayemeza vidonge vya kupanga uzazi, hukaa muda mrefu zaidi. Kikombe cha mwisho kiwe cha mchana. Jioni kunyweke maziwa au maji moto yenye tangawizi.

Miraa na muguka hufukuza usingizi. Pombe, ukiwemo mnazi, humfanya mtu asinzie haraka kisha humkatiza usingizi usiku wa manane, na kwa mjamzito hakuna kiwango kilicho salama.

Vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, na dawa za kutuliza zinazouzwa bila cheti, visigeuzwe kuwa dawa za kulala. Mjamzito na anayenyonyesha wasimeze chochote cha namna hiyo bila kuzungumza na mhudumu wa afya.

Simu iwekwe mbali na kitanda nusu saa kabla ya kulala. Usingizi ukigoma, usijigeuze kitandani saa nzima. Amka, keti mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo tulivu, rudi ukisinzia. Kila siku jaribu kuamka saa ile ile.

Lini kwenda zahanati?

Nenda ikiwa unakosa usingizi angalau usiku tatu kwa wiki na hali imeendelea kwa miezi mitatu. Usingoje muda huo ikiwa una mimba, umejifungua karibuni, unakoroma na kukatikiwa na pumzi, una huzuni isiyoisha, au unasinzia kazini hadi ni hatari. Mhudumu wa afya ya jamii anayekutembelea nyumbani anaweza kukuandikia rufaa. Mwambie wazi: “Silali vizuri, na imeanza wakati fulani.” Tatizo hilo litajwe kama unavyotaja homa.

Kwa waume, mavyaa na waajiri

Mume ndiye anayesikia mkoromo, na ndiye anayejua nani alikuwa macho saa nane usiku. Amuulize mkewe amelala saa ngapi, kisha achukue kazi moja ya jioni na moja ya alfajiri ziwe zake. Mavyaa ana sauti nyumbani. Akisema mwana wetu apumzike, hakuna atakayemwita mvivu.

Kwa waajiri, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na likizo ya baba ya wiki mbili yenye mshahara kamili. Wiki hizo mbili zina maana baba akizitumia nyumbani kushika zamu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri pia atenge mahali na muda wa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Mfanyakazi wa nyumbani naye ni mwanamke anayehitaji saa 7.

Zoezi la siku saba

Chukua daftari la shule. Kila asubuhi, kwa siku saba, andika mambo matano: ulilala saa ngapi, uliamka saa ngapi, uliamshwa mara ngapi na nini, ulikunywa chai au kahawa ya mwisho saa ngapi, na unajisikiaje. Asiyeandika aandikiwe na mtoto wa shule.

Siku ya nane, ketini pamoja nyumbani na mjibu maswali haya:

1. Mama amepata wastani wa saa ngapi kwa usiku?
2. Ni kitu gani kilichomwamsha mara nyingi zaidi?
3. Ni kazi zipi mbili zinaweza kuchukuliwa na mtu mwingine kuanzia leo usiku?
4. Je, kuna dalili yoyote iliyotajwa katika somo hili? Ikiwa ipo, nani atamsindikiza zahanati, na siku gani?

Andikeni majina mbele ya jibu la tatu na la nne. Daftari lihifadhiwe pamoja na Kijitabu cha Mama na Mtoto, na lipelekwe kliniki siku ya miadi ili mhudumu alione.